Jaketi Alilolikataa Elikana

Mpendwa mshauri wa redio, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi nirudishie, mimi nina miaka hamsini na saba, ni mzee wa kanisa huku Kamachumu, na msaada ninaouomba nauhitaji kabla ya Jumamosi.

Mchungaji wetu alinikabidhi wanaume saba niwalee wawe viongozi wa kanisa, na hakukosea, maana shule niliishia darasa la sita lakini kwa kuielezea Biblia usharika huu hakuna wa kunishika, hata mwinjilisti aliyesoma chuo huja kuniuliza. Kila Alhamisi jioni wanakuja kwangu, nawapa kahawa ya kutafuna kama wazee wetu walivyopokea wageni, tunasoma neno, halafu wanasema kwa lile jina la heshima la kwetu, "Ta Mushumbusi, tupe ya kisiwani." Nami nawapa. Kwamba nilikaa kisiwani miaka mitatu nikawaleta wavuvi arobaini kwa Bwana, kwamba mamba alipanda mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, katikati ya mahubiri nikamkemea akageuka kama mbuzi aliyefukuzwa kwenye migomba, na kwamba dhoruba ilipotupiga nilisimama mbele ya boti bila jaketi la kujiokolea, maana mtumishi anayevaa jaketi anawaambia wavuvi kwamba Mungu wake hajui kuogelea. Hiyo ya mwisho wanaipenda, wanacheka mpaka wanatema maganda ya kahawa.

Mshauri, tangu mke wangu Joanitha afariki huu ni mwaka wa nne, watoto wote wako Mwanza, na wanaopiga hodi kwangu ni hao saba tu, tena Alhamisi tu. Siku nyingine nakula ndizi nikiwa nimewasha redio ili nyumba iwe na mtu.

Sasa usharika umemchagua mmoja wao, Elikana, avuke Jumamosi hii akaongoze ibada kisiwani kulekule. Ana miaka thelathini na minane, mkulima wa kahawa, ziwa analijua kwa macho, kuogelea hajui. Jumapili akina mama wa kanisa walimletea jaketi la kujiokolea, akalikataa mbele ya watu wote akisema, "Mwalimu wangu hakuvaa. Nami sivai." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Ukweli ni kwamba kisiwani nilikaa siku mbili. Nilivaa majaketi mawili, moja juu ya jingine, nikafika nimelala chini ya boti natapika, na mchuuzi wa dagaa aitwaye Sabina ndiye aliyeninywesha uji. Sikuhubiri. Mamba sikumwona.

Nimemwomba mke wa Elikana, Klaudia, amlazimishe avae, akanijibu, "Ta, anakusikiliza wewe kuliko mimi. Mwambie mwenyewe." Nikimwambia, Alhamisi nani atakuja kwangu? Na nisipomwambia, ziwa hili si la mchezo. Nimewaza niseme nimeoteshwa ndoto, Bwana ameagiza Elikana avae. Je, ndoto hiyo itafaa?

Ni mimi Mushumbusi, Kamachumu.

MSHAURI ANAJIBU

Ta Mushumbusi, majina yenu nimeyabadilisha kabla ya kusoma barua hii hewani. Shikamoo ni yako, umenizidi miaka mitatu, lakini leo nitakusema kama mdogo wako asiyekuogopa.

Ndoto haifai. Umetafuta uongo wa pili umwokoe mtu na ule wa kwanza, tena safari hii unataka kumsingizia Mungu.

Pole sana kwa kufiwa na Joanitha. Nyumba ambayo redio ndiyo mwenzako naijua, nisingekuwa na kazi hii kama isingekuwapo mitaani kwetu, Bukoba mpaka Muleba. Lakini usijifiche nyuma ya msiba. Ulipiga makofi, baba. Mtu asiyejua kuogelea anakataa kitu cha kumwokoa kwa sababu yako, ana mke nyumbani, na mikono yako ikapiga makofi. Mchungaji alikupa wanaume uwalee, wewe umewakalisha wakutazame. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta ni lini mmoja wao aliongoza sala wewe ukiwa kimya. Sikuona.

Leo ni Alhamisi, na jioni watakuja wote saba. Usimwite Elikana pembeni, maana hao sita nao watapelekwa mahali siku moja, na watakwenda na hadithi yako. Wakishakaa, kabla hawajaiomba, sema: "Nilikaa siku mbili. Nilivaa majaketi mawili. Niliogopa." Basi. Hadithi ya mamba usiiguse. Kisha mwambie Elikana avae, na umwambie ni wewe unayemwomba.

Wapo watakaokasirika, na huenda wawili watatu wasirudi wiki ijayo. Hilo utalibeba, mimi siwezi kukupunguzia. Elikana akikuuliza kisiwani kukoje, mweleze habari za Sabina: alikuwa akiuzia dagaa wapi, alikuongelesha vipi, uji ulikuwa wa nini. Huko atakuwa mgeni kama ulivyokuwa wewe, na mtu kama Sabina ndiye wa kumtafuta kwanza akishuka. Ndilo jambo pekee unalolijua kuhusu kisiwa kile, na miaka yote hii hujamfundisha.

Mwisho, sala ya kufunga aongoze Elikana. Wewe inamisha kichwa. Ikiwa fupi, usiongezee.