Kadi ya Mkazi

Machi 4

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia. Sisi wazima, na mimi sijielewi kwa furaha. Miezi miwili ya ndoa, na mume wangu akirudi kazini moyo bado unanidunda kama nimeitwa ubaoni. Jana kaniletea sabuni ya mawaridi, nimeiweka chini ya mto.

Anakusifu mno. Anasema afisa kama yeye asingethubutu kuweka lango mji wa kale kama si wewe uliyesimama mkutanoni ukasema, "Wageni mia mbili kwa siku, basi. Kuta zimechoka kuegemewa." Sasa ndiyo sheria: mwenye kadi ya mkazi anapita, mgeni anangoja zamu.

Njoo utuone.

Bintiyo

Machi 11

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, unaamka kabla yangu. Nitakuja. Ila sheria hiyo hiyo inasema nyumba isiyolalwa siku thelathini inahesabika tupu, na kadi inafutwa. Nimezaliwa humu, nikakuzaa humu. Nitakaa wiki tatu, na nisibembelezwe.

Mama yako

Mei 2

Mwanangu,

Hata salamu sijui nianzie wapi. Nakuandikia kibarazani kwa fundi viatu, nje ya lango. Mlinzi anasema kadi yangu imefutwa. Wiki tatu zilipokwisha nilifunga mzigo. Ukalia, ukanishika mikono, ukasema mkwe wangu ataandika kwamba nipo nyumbani. Nikakaa siku thelathini na tatu. Mwulize, pengine amesahau.

Mama yako

Mei 9

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa jua la langoni. Hakusahau. Anasema hawezi kuandika uongo, hata kwa mkwe. Ndiyo maana nampenda. Yeye ndiye aliyeniomba nikubembeleze, sababu akaificha iwe zawadi. Juzi kanifumba macho mpaka mlangoni kwako: nyumba tumepewa sisi, tulaze wageni wanne tu, kwa utaratibu. Chumba chako tumekipaka rangi ya maziwa. Nililia kwa furaha.

Wewe sijakusahau. Zamu zimejaa, lakini amekupatia nafasi: Julai 18, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Njoo na kitambulisho.

Na Mama, ulisema mwenyewe: usiegemee kuta.

Bintiyo akupendaye