Muhuri kwenye Barua ya Salma

Jumanne, 8 Julai

Chai ya pili. Baridi ya Sekei imeingia mpaka kwenye mifupa, na Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa. Nimemaliza kufasiri hati za forodha za watu wa maua. Kurasa kumi na nne, hakuna sentensi hata moja yenye uhai. Kisha nikafungua bahasha ya Mama Eliya.

Mama Eliya ni mama lishe wa Makumira, karibu na chuo. Anaishi na Salma, miaka tisa, mtoto wa marehemu mdogo wake. Baba wa Salma alikuwa Mmisri, mchimba visima, naye alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Sasa bibi yake wa Aswan ameleta barua. Nani anamtunza mjukuu wangu? Anakua katika dini gani? Aletwe kwangu. Mama Eliya anajibu, anaomba Salma abaki walau amalize darasa la saba. Ukurasa mmoja, kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu. Nilijiambia utakuwa umekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Haujaisha. Neno "care" limo mara saba.

Jumatano, 9 Julai

Bado "care". Mtoto yuko ndani yake, anapewa hospitali, anastahili zaidi ya hiyo, na barua itumwe "care of" usharika, kwa sanduku lake la posta. Aliyeandika Kiingereza hiki alikuwa na neno moja akalitumia kwa kila kitu, kama kisu cha jikoni kwangu.

Kiarabu hakina huruma ya namna hiyo. Kinataka uchague. Nimeandika kwenye daftari: riaya, ambalo pia ni la mchungaji na kondoo wake, na la kampuni inayofadhili timu ya mpira. Inaya, wanaloandika mlangoni pa wodi ya mahututi. Ihtimamu, la mtu aliyeketi mbali akijali kwa kichwa. Hadhari, ambalo Waswahili tumelichukua likaja na woga wake. Nimefurahi asubuhi nzima. Aibu kidogo, maana kuna mtoto katikati ya furaha yangu.

Baba Joy ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni kazi.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimeogopa. Neno sahihi kabisa kisheria ni hadhana. Mtoto mdogo, mlezi wa kike, kila kitu kimo. Lakini ni neno la mahakamani. Bibi akilisoma ataona tumeshaweka wakili na tunamsubiri kizimbani. Kafala nalo litamfanya adhani tunataka wao wagharamie yatima.

Ningemuuliza Mama Eliya anamaanisha nini hasa. Sitamuuliza. Nina kanuni ya miaka ishirini na sita: nafasiri karatasi, sifasiri watu. Ukishamjua mwenye barua unaanza kumwandikia barua nzuri kuliko yake. Kwa hiyo bahasha niliipokea kwa jirani, na mwenyewe simjui hata sura.

Nimerudia kamusi. Nimekunywa chai nyingi mno.

Ijumaa, 11 Julai

Mimi ni mjinga. Niandike wazi ili nisije nikasahau.

Baba Joy alikuja kutafuta miwani yake mezani kwangu. Akaichukua barua, akaiangalia, akaiinua dirishani.

"Mama Joy, huyu bibi si Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Na anauliza mtoto analelewa dini gani?"

"Ndiyo, sasa?"

"Sasa mbona imepigwa muhuri wa usharika? Huo msalaba mkubwa kuliko kitumbua."

Siku nne. Siku nne nimeikodolea macho barua hiyo, nikapima neno moja kwa mizani ya dhahabu, na muhuri wa kanisa uko juu ya sahihi, wino wa zambarau, msalaba katikati. Sikuuona. Yaani niliuona, lakini mihuri mimi huwa naandika tu "muhuri" kwenye mabano na kuendelea.

Nimempigia Mama Eliya. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya uchovu, akaeleza bila kujua ananichoma. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kugongewa muhuri, mwenyekiti akawa amesafiri. Akaenda ofisi ya usharika. Mwinjilisti akamgongea, na kwa kuwa barua inakwenda nje akamwandikia na Kiingereza kabisa. "Barua bila muhuri si ni karatasi tu, mama? Wangeniona mtu wa ovyo."

Nikamwambia asiitume popote. Kumbe nimechelewa. Aliipiga picha Jumatatu, akamtumia ami yake Salma kwa WhatsApp, ili wajue jibu liko njiani.

Jumamosi, 12 Julai

Ami amejibu kwa sauti. Mama Eliya akanirushia, kwa sababu haelewi hata neno. Nimesikiliza mara tatu, ingawa mara moja ilitosha. Msalaba tumeuona, tumeelewa. Mtoto aandaliwe, nakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Nyuma yake mwanamke mzee analia, anasema jina la mwanawe aliyekufa.

Habari kama hiyo siwezi kuipeleka kwa simu. Nimekwenda Makumira. Kanuni imekufa, apumzike kwa amani.

Mama Eliya ni mdogo kuliko nilivyomdhani, mikono mikubwa, aproni ya bluu. Nilimfasiria sauti ile mbele ya jiko lake. Hakulia. Akaendelea kukoroga maharage yaliyokuwa yameshaiva.

Nikaanza kuuliza mimi. Nimegundua haya. Zamani alikuwa anasifika kwa kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, wanafunzi walikuwa wanapanga foleni. Salma alipohamia kwake akaacha. Sufuria zote akazigawa kwa majirani, akanunua mpya, akazipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye vishikio ili hata mgeni asizichanganye na vyombo vya watu. Krismasi ndugu zake wakileta nyama yao wanaipikia kwa shangazi, nyumba ya pili. Jumamosi na Jumapili anamvusha Salma barabara kuu mpaka madrasa, anakaa nje juu ya jiwe akimenya njegere mpaka watoke. Jumapili ibada anaikosa nusu.

Nikamuuliza kwa nini hakuna hata moja la hayo kwenye barua. Akanishangaa kweli. "Mama, si nimelea mtoto tu? Hayo nayo ni ya kuandika?"

Nikatoa daftari nikamwomba aanze upya, aseme kwa Kiswahili, kama anamwambia bibi mwenyewe. Tumekaa mpaka wali ukaungua. Mimi Kiswahili najua na Kiarabu najua, na wiki nzima nimepita Uingereza kwenda Misri.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Nimeandika. "Care" haimo. Kuna kulea, na Kiarabu kina neno lake kamili, la kukuza na kufunza kidogo kidogo. Kuku nao hufugwa kwa neno hilohilo. Sijali. Yaliyobaki nimeyataja kwa matendo yake: sufuria, rangi ya kucha, jiwe, njegere. Nimeeleza pia kuhusu muhuri. Kwamba huku kwetu hata ruhusa ya mtoto kukosa shule hugongwa muhuri, na kwamba yule mama aliutafuta kwa heshima, akaupata ulipopatikana.

Jioni nimempelekea. Tukagombana. Anataka muhuri mwingine, wa madrasa safari hii. Mimi nikasema hapana, mihuri imetosha. "Itakuwa kama barua nimeiokota!" Alikaribia kulia, na jana kwa habari mbaya kuliko zote hakulia.

Salma ndiye aliyetuamua. Akachukua kalamu bila kuomba, akaandika chini ya ukurasa, kulia kwenda kushoto, ulimi nje: jina lake, la baba yake, la babu yake. Herufi zinayumba, nukta moja imekwenda likizo. Nimekaa nimeitazama mistari hiyo nikashindwa kusahihisha.

Tumetuma kwa simu, na ya karatasi kesho posta.

Jumatano, 16 Julai

Imesomwa. Alama mbili za bluu. Hakuna jibu.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna. Mama Eliya ameacha kunipigia, anaona ananisumbua. Natamani anisumbue. Sare ya shule amemnunulia Salma hata hivyo, ya muhula mpya. Nina hasira na mimi mwenyewe, na mwinjilisti, na wino wa zambarau. Nimefasiri mkataba wa mabomba vibaya, nikaurudia wote.

Jumatano, 30 Julai

Ami hakuja. Imekuja bahasha, imeletwa na msafiri mmoja wa Aswan aliyepitia hapa kwenda mbugani.

Nimeisoma jikoni kwa Mama Eliya, moja kwa moja kwa Kiswahili. Ami ndiye mwandishi, maneno ni ya bibi. Anasema mwanawe akiwa mdogo alikuwa na ulimi nje vilevile akiandika. Salma hakumwambia mtu hilo, wala mimi sikuliandika. Amelitambua kwa jinsi herufi zinavyoyumba. Mtoto abaki amalize darasa la saba. Likizo ndefu aende Aswan, na Mama Eliya aende naye, maana mtoto hasafiri bila mlezi wake. Sufuria zake asizibebe, za huko zipo.

Mama Eliya akaniomba nirudie hapo pa sufuria. Nikarudia.

Kisha akanionyesha doa la bluu chini ya ukurasa, akauliza ni nini. Nikamwambia bibi hajui kuandika. Ni kidole gumba chake.

Mama Eliya akafuta mkono kwenye aproni, akaweka gumba lake juu ya lile, taratibu, akaliacha hapo. "Sasa huu ndio muhuri," akasema.

Hakuipiga picha. Akaikunja, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akarudi kwenye maharage.