Doa Jeupe Kwenye Shaba

Siku ya posho, 6 Agosti 1983
Salongo, kazi ya lazima ya usafi, tangu asubuhi. Wageni wa Kinshasa watatembelea kiwanda, basi tumesugua hata fito za shaba za kabini, chumba cha umeme. Umeme umekatwa, limau na majivu mkononi. Zinang'aa kama kioo — Kalenga, rafiki yangu wa zamu ya kabini, alichana ndevu zake humo. Mchana bukari, ugali wetu, sahani moja naye, kama kawaida.

Siku ya kwanza, 8 Agosti
Nimepima kabini kwa kamera ya joto. Kwenye ekra, kioo chake cha picha, penye joto huwa peupe, penye baridi peusi. Shaba ya katikati: doa kubwa jeupe. Nikapiga kelele, chef Numbi akazima umeme wa atelye, karakana nzima. Kalenga akapapasa. Hakuna joto. Chef akanivuta pembeni, doa likanifuata. Lilikuwa joto la mwili wangu, shaba inalirudisha kama kioo.
"Citoyen," akasema, "umejipiga foto."
Wote wakacheka. Kalenga pia.

Siku ya pili, 9 Agosti
Kantini. Mmoja anataka foto ya pasipoti. Mwingine anauliza kama joto langu halitaunguza bukari. Kalenga amehamia meza nyingine.
Mke wangu Régine bado yuko Pweto, kwa mama yake mgonjwa. Nimekula mkate mkavu, nimelala.

Siku ya ine, 11 Agosti
Doa lingine. Kabini ileile, shaba mbili zinapoungana, penye bulo, ile skrubu kubwa inayozibana. Nikaenda kushoto — halikusogea. Nikachuchumaa — vilevile. Si mimi. Na shaba iliyosuguliwa huificha kamera joto lake. Ikionyesha hivi, yenyewe ina moto zaidi ya huo. Bulo ikiachia, itamchoma aliye karibu. Aliye karibu kila siku ni Kalenga.
Chef hakuinua kichwa. Wageni wanakuja kesho, hazimi kitu. "Iko weye tena." Nikasema mtu mmoja atazame, mimi nitoke kabisa.
"Tafuta mwenye anataka."
Jioni nilienda kwa Kalenga. Mkewe akasema amelala. Nilimsikia akikohoa.

Siku ya tano, 12 Agosti
Asubuhi. Nimejaza kamera azote, ile hewa ya majimaji inayoipoza. Ikikauka, kamera haioni tena. Nimeomba watu watatu. Kila mmoja ana kazi.
Doa limepanuka.
Kalenga ameingia zamu. Hakunisalimu, ameketi kwenye kiti chake. Kwenye ekra wako wawili weupe: yeye na ile bulo, umbali wa mkono mmoja kati yao. Nikamwambia njoo utazame, mimi natoka, usiseme ni mwili wangu.
"Yaya," akasema, kama mdogo kwa kaka yake, "bakiniona hapo batanicheka na miye."
"Tazama tu."
Nimetoka, kamera nimeiacha inatazama bulo. Naandika hapa nje, nimeegemea ukuta, mlango umefungwa. Ngoma za wageni zimeanza getini. Azote haitadumu. Nimeweka sikio kwenye mlango, nisikie kama anainuka kutazama. Kiti chake bado hakijasogea.