Neno Ubavuni mwa Tofali

Jumatatu, 3 Juni

Fundi bomba ameubomoa ukuta! Nilimwambia gonga kidogo, fuata unyevu tu. Nageuka kumpima mteja kiuno, nasikia pwaa! Lipu yote ya chumbani kwa Mama iko chini. Mama mwenyewe kapelekwa kwa daktari wa macho na mdogo wangu. Mama huyu huyu ambaye miaka nenda miaka rudi anasema ukuta wa baba yake haupigwi hata msumari. Nimekwisha.

Na cha ajabu — matofali yenyewe. Mekundu, mazuri, hayana hata ufa. Kila moja lina muhuri ubavuni, herufi kubwa: BURE. Ukuta mzima. BURE, BURE, BURE. Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Eti dada, kumbe nyumba yenu ya bure!

Mama karudi mchana, kasimama mlangoni. Nilijikaza kungoja kufokewa. Kaomba chai. Bora angefoka.

Jumanne, 4 Juni

Mdogo wangu keshapata jibu. Eti ni matofali mabovu: wenye tanuri waliyapiga muhuri yale yasiyofaa, babu akayaokota akajengea. Kafurahi utadhani babu kashinda kombe. "Unaona uhodari huo, dada? Kwa makapi!" Keshapiga picha, keshazitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: nani anajua asili ya matofali haya? Nikamwambia si ungeniuliza kwanza. Eti mimi hata mlango ukipigwa na upepo nadhani nimefuatwa na polisi.

Haya, niitwe mwoga. Lakini leo nikiwa kwenye cherehani limenijia. Ule muhuri umezama ndani. Ulipigwa tofali likiwa bado udongo mbichi. Sasa nani anajua tofali litaharibika kabla halijaingia motoni? Mimi siandiki "limeungua" kwenye gauni kabla sijalipiga pasi!

Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Nimefumua. Nimeshona tena vile vile. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetundika shuka ukutani. Mama Mkunga, jirani yetu, huja kila asubuhi kumpima Mama presha. Amestaafu yeye, mashine yake haijastaafu — ndivyo anavyosema. Hukaa kiti kile kile, uso kwa uso na ukuta. Kauliza shuka la nini. Nikasema vumbi. Mama kaniangalia, kisha kaangalia mikono yake.

Kwa nini nimeficha? Sijui! Mwili umekataa tu.

Kinyozi wa mtaani kajibu kwenye kundi: matofali kama hayo yapo nyuma ya soko, kwenye ule msingi wa vichakani tulikokuwa tukicheza kujificha. Nimekwenda. Miiba imenichania sketi. Kweli yapo. Kuta za kufika magotini, vyumba vidogo vidogo vimepangana. BURE, BURE — lakini kule neno limegeuziwa nje, kila mpita njia alisome. Kwetu limegeuziwa ndani, likafunikwa lipu nene kuliko ya nyumba yoyote niliyowahi kuona.

Nimerudi bila kununua nyanya nilizotumwa.

Ijumaa, 7 Juni

Laiti nisingekwenda.

Mwenye tanuri la zamani amebakiza mjukuu mmoja hapa mjini, anauza saruji. Mcheshi kweli. Kanipa kiti, kaniuliza naezeka lini. Nikamwonyesha picha, akapiga makofi. Kumbe! Anasema babu yake alijitolea matofali ya zahanati ya wazazi, wanawake wasihangaike kwenda kujifungulia ng'ambo ya mto. Akachonga neno BURE kwenye kalibu yenyewe, ile fremu ya kufyatulia, ili mtu asithubutu kuyauza. Ukikutwa nayo umejiumbua mwenyewe.

Nikamuuliza, sasa mbona zahanati yenyewe imebaki msingi vichakani?

Kacheka. Eti matofali yaliota miguu! Fundi mkuu alikuwa akisema hayatoshi, yanaletwa mengine, hayatoshi tena. Mzee akakasirika, akazima tanuri. Na huyo fundi mkuu alikuwa nani? Hajui. Wazee wale wote wamekwenda.

Mimi namjua. Babu yangu alikuwa mwashi; picha yake iko sebuleni kwetu, kavaa kofia, kashika pimamaji kama bunduki. Mama huifuta vumbi kila Ijumaa. Leo pia kaifuta.

Na Mama Mkunga! Mama Mkunga alizaliwa njiani, kabla ya kuvuka mto. Mama yake kafia palepale kwenye machela. Mtaa mzima tunajua, maana yeye mwenyewe humwambia kila mwenye mimba: wahi, mwanangu, mimi nilimuua mama yangu kwa kukosa mlango wa karibu. "Mimi nilimuua." Ndivyo asemavyo, miaka yote! Ndicho kilichomfanya asomee ukunga. Na kanizalisha mimi, na mdogo wangu, na wanangu wote. Kwa mikono yake.

Nyumba hii. Chumba hiki. Nimeegemea ukuta kisha nikaruka kama nimeguswa na umeme.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia mdogo wangu. Kanywea. Picha kazifuta kwenye kundi, hata hakubisha. Halafu: tuzibe, dada. Fundi mwashi aje Jumatatu apige lipu, yaishe. Nani atafaidika? Mama ana presha. Mama Mkunga mtu mzima. Unataka uwaue wote wawili?

Nimekubali. Na nimeona nafuu — hiyo ndiyo aibu yangu. Nafuu!

Jumapili, 9 Juni

Mama hajala vizuri. Nimemuuliza unaumwa wapi. Kasema hapaumi popote.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi kafika mapema, kaanza kuchanganya saruji uani huku anaimba. Naingia chumbani kuhamisha kitanda, Mama ananiambia toa shuka. Nikamwambia, Mama, fundi ndiyo kwanza anaanza. "Nimekwambia toa. Na asiguse kitu mpaka Mkunga aje."

Nikajua anajua. Nimelivuta shuka, pini zikatawanyika sakafuni.

Mama Mkunga kaingia na mashine yake, anahema, analalamikia jua. Kaifunga mkononi mwa Mama, kisha kainua uso. Jamani! Matofali mazuri hivi mlikuwa mnayafunika? Mmeyapata wapi?

Mama kajibu upesi. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, imenyooka, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya mwalimu:

"Tumepewa bure."

Mama Mkunga kacheka. Si ndivyo yalivyoandikwa, dada'ngu, hata mimi nimesoma!

Mama hakucheka. "Ndivyo baba alivyonifundisha nijibu, wakinikuta njiani. Nilikuwa na miaka saba. Yeye anavuta mkokoteni, mimi nasukuma kwa nyuma. Kutoka kule nyuma ya soko, kwenye zahanati."

Mashine ikaanza kulia. Hakuna aliyeiangalia. Kicheko cha Mama Mkunga kilibaki mdomoni, macho yameshaondoka. Katazama ukuta, tofali moja, la pili, la tatu. Kisha kauliza, taratibu, kama anavyouliza wajawazito wake:

"Mwaka gani huo?"

Nikasema nawaletea maji. Nimekimbia! Mtu mzima na watoto wangu, nimekimbilia jikoni, nimesimama na kalamu badala ya bilauri. Fundi kachungulia dirishani: dada, saruji inakauka hii, nianze au nisianze? Nimemwonyesha kwa mkono angoje. Nimewaacha mlango wazi.

Mama anautaja mwaka.