Verna Afunga Kinywa

Hollywood, 3 Februari 1939

Mama mpenzi,

Natumaini kifua kimetulia na Mjomba Nils bado anakuletea kuni. Mimi ni mzima wa mwili, ila kila asubuhi nasahau kwamba Baba hayupo, kisha nakumbuka.

Filamu inaendelea. Mimi ndiye binti wa mwezini. Nashuka ngazi za kioo na mabawa yananiwasha mgongo. Hapa nyimbo hurekodiwa kwanza. Siku ya kupiga picha santuri inawekwa, nasi tunaifuatisha kwa midomo tu. Wimbo wangu mkubwa niliurekodi mara baada ya mazishi ya Baba, na sauti ikakwaruza ubeti wa mwisho. Sasa mtayarishaji, Bwana Hartzell, amemrekodi mwimbaji mwingine. Mimi nichezeshe midomo, watu wadhani sauti ni yangu. Nilipokataa akacheka: "Bibie, watu hawaji sinema kusikiliza mafua." Nikishikilia, atanisimamisha kazi. Nifanyeje?

Mwanao, Verna

Duluth, 11 Februari 1939

Verna wangu,

Kifua hakijambo. Theluji imefika dirishani. Viatu vya baba yako bado viko mlangoni. Navifuta vumbi na kuvirudisha palepale.

Unakumbuka sauti yake ilivyokwaruza akiimba kanisani? Mchungaji alimwomba apunguze sauti kidogo. Jumapili iliyofuata akaongeza.

Mambo ya mikataba siyajui, shule yangu ilikuwa fupi. Ila viazi vipo na kitanda chako kimetandikwa. Huyo bwana akikufukuza, atakuwa amekurudisha kwangu. Asidhani hiyo ni adhabu.

Mama yako

Hollywood, 20 Februari 1939

Mama,

Pole na baridi. Barua yako niliiweka ndani ya gauni la mwezini.

Wiki iliyopita santuri ilipigwa. Yule dada anaimba vizuri, sina ugomvi naye. Nikashuka ngazi, nikanyoosha mikono kama nilivyofundishwa, nikafunga kinywa. Mwongozaji akasimamisha. Tukarudia, nikafunga tena. Wacheza dansi walikuwa wanatota jasho chini ya taa, nikaogopa watanichukia. Mmoja wao, Opal, akaninong'oneza: "Kaza, dada. Sisi kusimama tumezoea."

Hartzell akaja mwenyewe. "Unajiona nani?"

"Yule aliyeuimba kwanza."

Wamenivua mabawa mbele ya watu wote. Nimesimamishwa, na mkataba unanikataza kuimba kwingine kwa malipo. Nyumbani sirudi bado, Mama, unisamehe. Nimepata kazi ya kuhudumia mezani kwenye mgahawa ulio mkabala na lango la studio. Watu wa huko wanakunywa kahawa yangu kila siku, na hawajui watazame wapi.

Mwanao, Verna

Duluth, 2 Desemba 1939

Mwanangu,

Mimi mzima. Natumaini miguu haikuumi kwa kusimama.

Filamu yenu imefika. Nilikwenda na jirani yetu Tilda, nimevaa koti la kanisani. Ulipotokea mara ya kwanza nilimshika mkono mpaka akalalamika. Kisha ukaja ule wimbo. Sauti ilikuwa ya yule dada, na kwenye ngazi alikuwepo msichana mwingine mwenye mabawa yako. Walimpiga picha kwa nyuma tu, tangu ngazi ya juu mpaka ya chini. Uso wako hawakuwa nao, Verna. Kwa wimbo mzima hawakuwa nao.

Tilda akaniuliza, "Mbona mwanao anaimba katupa mgongo?"

Nikamjibu kwa sauti, mpaka watu wa mistari ya mbele wakageuka: "Huyo si mwanangu. Mwanangu alikataa."

Watu walipotoka, mimi nilibaki kitini, nikangoja waioneshe tena.

Mama yako