Waya wa Uani Niliutandaza Mimi

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Itigi, Jumapili, tarehe 18 Januari 2026, saa 4:10 asubuhi

Jina: Sostenes Philipo Mkumbo
Umri: miaka 58
Kabila: Mnyiramba
Dini: Mkristo
Kazi: mwenye nyumba ya wageni
Makazi: Itigi mjini

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Jana nilitoa maelezo hapa kituoni. Leo nimekuja mwenyewe, sikuitwa, kwa sababu maelezo yale hayakuwa ya kweli. Afande amenionya kwamba kuwadanganya polisi ni kosa. Nimemwomba aandike.

Mnamo tarehe 16 Januari 2026, siku ya Ijumaa jioni, nilimpokea mgeni aitwaye Saada Haji, mfanyabiashara wa asali kutoka Singida mjini. Alikuja na gari dogo la umeme, akaomba kulichaji kesho yake.

Asubuhi ya Jumamosi nilimtolea ekstensheni yangu ndefu, ile ninayowaazima watu kwenye misiba na harusi. Iliwahi kukatika katikati, nikaiunga mwenyewe, nikazungushia tepu na mfuko wa nailoni. Aliishika, akaigeuzageuza, akasema, "Hapana, baba. Hii haina waya wa ardhi, na hapa ilipoungwa maji yakiingia itaua mtu."

Nikamwambia la kuogopa ni gari lake, maana wingu lilishafunga. Akasema, "Gari na waya wake vimetengenezwa kuhimili mvua. Hatari ni hivi vya kuungaunga."

Shemeji yangu Rebeka, mke wa mdogo wangu Bonifasi, ndiye mpishi wangu. Alikuwa anasikia, akacheka. Sikupenda. Nyumba ile niliifunga umeme kwa mikono yangu.

Saada alilisogeza gari hadi barazani. Akachomeka kwenye soketi ya ukutani, chini ya paa, na kisanduku cha kuchajia akakitundika kwenye msumari kisiguse chini. Taa ikawa ya kijani. Kisha akaenda kwa wauza asali.

Mnamo saa nane mchana mvua ilianza. Wazee wenzangu wa kanisa walikuwa wanakuja kwenye kikao, na waya wa gari ulipita mahali pa viti vyao. Niliuchomoa. Namba ya Saada nilikuwa nayo, sikumpigia. Nilivuta ekstensheni yangu kutoka dirisha la jikoni, nikaipitisha uani, nikaunganisha kile kisanduku. Kikawaka taa nyekundu, gari likakataa kuchaji. Nikasema moyoni, kumbe gari lenyewe bovu. Nikaiacha vilevile, umeme unapita, maji yanajaa uani, nikaenda kukaa na wazee.

Rebeka alitoka kuanua mashuka ya wageni. Alikuwa peku. Aliiinua ekstensheni ili apite, akaishika pale pale ilipoungwa. Nilimsikia akiita "Yesu!" basi. Nilipofika alikuwa chini kwenye maji, mkono haujaachia. Mimi nilisimama tu. Naomba iandikwe hivyo.

Saada alikuwa anaingia getini. Alipiga kelele, "Msimguse! Swichi kuu iko wapi?" Nikaonyesha kwa kidole. Alikimbia akazima, akarudi, akapiga magoti kwenye tope, akamkandamiza Rebeka kifua mpaka akakohoa.

Polisi walipofika waliuliza nani alitandaza waya. Nikajibu, "Ni huyu mwenye gari."

Saada alinitazama. Akasema, "Baba, sema ilivyokuwa."

Wazee walikuwa wananiangalia. Nikarudia yale yale. Akapandishwa kwenye gari la polisi, nguo zikiwa bado na tope. Ekstensheni nilikuwa nimeshaificha stoo, nyuma ya madumu.

Leo alfajiri nilikwenda hospitali. Rebeka anaongea, mkono umefungwa bandeji. Akaniuliza, "Shemeji, yule dada ameshaondoka? Sijamwambia ahsante." Nikasema ameondoka. Bonifasi akanisindikiza hadi nje. Watu walimwambia kwamba mimi ndiye niliyezima umeme. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia, akasema, "Kaka, umeniokolea mke wangu." Sikumsahihisha. Nilitembea mpaka karibu na kanisa, nikasikia wanaimba, nikashindwa kuingia. Nikageuza, nikaenda stoo kuichukua ekstensheni, nikaja nayo hapa.

Saada Haji hana kosa lolote. Alinikataza. Nilifanya kwa sababu nilichekwa, na nikadanganya kwa sababu nilikuwa naangaliwa. Bonifasi bado sijamwambia.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimesomewa na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: S. P. Mkumbo

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya kwa usahihi na kumsomea shahidi. Nimepokea kutoka kwake ekstensheni moja yenye kiungo kilichoungua, kama kielelezo. Mkuu wa kituo ameagiza Saada Haji aachiwe mara moja. Shahidi aliomba yeye mwenyewe atolewe kwa mlango wa nyuma ili asikutane na Saada. Nimemkatalia.

Sajenti Christopher