Swali la Mwanasiti

Jumatano, baada ya Magharibi

Bado naona haya. Leo niliwaambia kidato cha nne, kama ninavyowaambia kila mwaka, kwamba kompyuta ya kwantamu, ile inayohesabu kwa chembe ndogo kama atomu, hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Mwanasiti akasimama.

"Samahani, mwalimu. Ulisema ukitazama linabaki jibu moja tu, tena la kubahatisha. Sasa faida yake nini?"

Nikamwambia akae chini. Ukali ule ulikuwa wa kuficha ujinga wangu.

Alasiri nikaenda kuswali. Msikiti wetu hapa Msambweni bado una birika la kutawadhia. Mimi na mzee Bakari, muuza mbata za nazi, tulichota maji kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Viwimbi vikakutana katikati. Mahali pengine maji yaliinuka zaidi, pengine yakatulia kabisa, wimbi limeua wimbi.

Nikaduwaa, kata ya kuchotea maji mkononi. Mzee akaniuliza, "Vipi, mwalimu, umeshatawadha?" Nilikuwa nimesahau nimefika wapi. Ikabidi nianze upya.

Kumbe ndivyo ile mashine inavyofanya kazi. Kila jibu ni kama wimbi. Hesabu hupangwa ili majibu yenye makosa yauane yenyewe kwa yenyewe, na lililo sahihi liinuke. Hapo ndipo unapotazama.

Kesho nitamwomba Mwanasiti radhi mbele ya wenzake.

Miaka mitano hakuna aliyeniuliza swali lile, nami nilidhani ni kwa sababu ninafundisha vizuri. Alhamdulillahi, mwaka huu nimeletewa mmoja asiyeniogopa.